Mrija Mkavu wa Kwaresima

Jumatano ya Majivu, 3 Machi 1976

Ninalifungua daftari hili nikiwa bado na majivu kwenye paji la uso, na mvua inapiga bati la kigango kana kwamba nayo inatubu. Mimi Tharsisi, katekista mstaafu, niliyesoma seminari miaka minne nikarudishwa nyumbani kwa sababu ya macho na si kwa sababu ya mwenendo, nimeweka nadhiri: tangu leo hadi asubuhi ya Pasaka sitameza pombe. Sijamwambia mtu yeyote. Tumefundishwa kwamba afungaye asikunje uso ili watu wamsifu. Kwa hiyo nimeukunjua uso wangu, nikatembea kijijini kwa furaha ya kadiri.

Ijumaa, 5 Machi

Mvua. Maharage ya upande wa juu yameota. Ya upande wa chini yamesombwa.

Jumatatu, 8 Machi

Mwenyekiti wa kijiji, Venanti, amefika kabla sijamaliza uji. Zamani alikuwa fundi baiskeli, na hata leo akizungumza nawe huinama kidogo na kukutazama magoti, kana kwamba anatafuta pancha. Ameleta barua ya wilayani, kutoka Kibondo, ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Habari yenyewe ni hii. Ipo zahanati moja na vijiji viwili vinaigombea: sisi, na wenzetu wa nyuma ya kilima, kwenye barabara ya Mabamba. Tukipitisha azimio la kuijenga kwa nguvu zetu, kwa theluthi mbili ya wajumbe wote wa Halmashauri ya Kijiji, kabla ya tarehe kumi na tano Aprili, ni yetu. Tukishindwa, ni yao. Tena azimio likishafika Kibondo, ataletwa upesi muuguzi mkunga mwenye sanduku la dawa, akae katika ofisi ya chama hadi jengo litakapokwisha.

Tumehesabu. Wajumbe tuko ishirini na watano. Zinatakiwa kura kumi na saba. Walio tayari, pamoja nami na Venanti, ni kumi na watatu. Wasiotaka kabisa ni wanane. Hao hawajamsamehe Venanti tangu mwaka juzi, tulipohamishiwa hapa yeye akisimamia, na migomba yao ikabaki porini. Hata akileta azimio la kulisifu jua watalipinga. Wanabaki wanne ambao hawasemi ndiyo wala hapana: Abbasi mwenye duka, Harerimana wa ng'ambo ya kijito cha Kasheshe, Mama Epifania, mkunga wetu wa jadi na mpika pombe, na mzee Ntirampeba, mganga wa mitishamba na muunga mifupa. Lazima tuwapate wote wanne.

"Nenda wewe, Katekista," amesema Venanti. "Mimi wakiniona tu wanakumbuka migomba."

"Niende nikanunue kura?"

"Nani kasema kununua? Nenda ukawasikilize. Uwasikilize sana, mpaka wakubali."

Nimemjibu kwamba kura ni jambo la dhamiri, wala haichuuzwi. Ameyatazama magoti yangu, akaondoka.

Hapo nikasikia sauti nyuma ya mlango. Ni Winifrida, mke wa mwanangu Nestori, ambaye yuko Kasulu kwenye kozi ya ualimu. Katika nyumba yetu mke wa mwana hasemi na baba mkwe wake uso kwa uso. Akiwa na neno, humwambia kuku anayepita, nami husikia. Nikiwa na jibu, nami humpa kuku.

"Kuku," amesema Winifrida, "mwambie baba kwamba dhamiri yake ni nzuri, lakini haijui kuzalisha."

Winifrida ni mjamzito. Siku zake zitatimia baada ya Pasaka. Mwaka jana, katika masika kama haya, uzazi wake wa kwanza ulimshinda Mama Epifania. Tukamlaza kwenye ingobyi, machela yetu ya fito na kamba, na wanaume wanne wakambeba kuelekea hospitali ya Kibondo. Kasheshe ilikuwa imefurika. Tulingoja ukingoni kwa saa tano. Mtoto alizaliwa palepale, hakulia. Nilimbatiza kwa masharti, kwa maji ya kijito kilekile kilichotuzuia.

"Kuku," nimesema, "mwambie kwamba nakwenda."

Alhamisi, 11 Machi

Nimeanza na Abbasi, kwa kuwa duka lake li karibu na mvua ni kubwa. Baba yake alitoka Ujiji, naye ana adabu za watu wa huko: amenikalisha, amenipa kahawa na tende tatu, akaniuliza hali ya kila kiumbe nyumbani, hata mbuzi.

"Mzee wangu," amesema, "zahanati naitaka. Nataka tu njia ya kwenda huko ipite mbele ya duka langu."

"Mgonjwa apitaye hapa atanunua nini?"

"Akienda, sabuni. Akirudi amepona, sukari."

"Na asipopona?"

"Sanda pia ninayo, Mzee. Mimi simtupi mteja."

Nimemwambia kwamba njia inaweza kupinda kidogo bila kumkosea Mungu. Tumemaliza kahawa. Amesema, "Basi, yamekwisha." Nimerudi nikiwa nimeridhika kwamba sikununua kitu. Njia imepinda tu.

Jumapili, 14 Machi

Misa. Usingizi wakati wa mahubiri. Si wangu peke yangu.

Jumatano, 17 Machi

Harerimana alitoka Burundi akiwa kijana, miaka mingi kabla ya Uhuru, na ameoa, amezaa na amezeeka ng'ambo ya Kasheshe. Ni mtu wa maneno machache. Tulipokwisha kupigiana makofi ya salamu, alinyoosha kidole kuelekea kijito.

"Mtajenga upande wenu."

"Ndiyo."

"Na sisi wa upande huu tutafikaje? Kwa kuogelea, na homa zetu?"

Anataka daraja la magogo, liwekwe kabla ya jiwe la kwanza la zahanati. Ombi ni la haki. Nimesema, "Nimekubali."

Papo hapo mke wake akaleta chungu cha pombe ya ndizi na mirija miwili. Lazima nieleze hapa, kwa kuwa vijana wanaanza kusahau. Kwetu neno la wazee halifungwi kwa sahihi. Hufungwa kwa chungu kimoja: kila mmoja ameshika mrija wake, wamekiinamia pamoja na kunywa. Asiyenywa hajasema kitu, hata kama ameongea toka asubuhi.

Nikajikuta kati ya mambo mawili. Kukataa kungeliua neno. Kueleza nadhiri yangu kungekuwa kujitangaza. Nikautia mrija mdomoni, nikafunga macho, na badala ya kuvuta nikasali Baba Yetu moja, polepole, moyoni. Nikauachia. Nikajipangusa mdomo.

Midomo ilishiriki, koo halikushiriki. Naamini mwalimu wetu wa maadili seminarini angeipenda tofauti hiyo.

Ijumaa, 19 Machi, Mtakatifu Yosefu

Mwenye kazi nyingi na maneno machache. Natamani angekuwa mjumbe.

Jumanne, 23 Machi

Kwa Mama Epifania. Amezalisha nusu ya kijiji, na nusu ya pili imelewa kwake. Vyungu vyote vya hapa hutoka nyumbani kwake na hurudi kwake pamoja na mirija, naye huviosha mwenyewe.

"Kwa hiyo mnaniletea msichana," amesema.

"Muuguzi mkunga, mama. Amesomea."

"Amezaa?"

"Barua haisemi."

"Barua haisemi! Mtu anakuja kunionyesha mtoto anatokea wapi, na barua haisemi!"

Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba muuguzi asiwe mdogo kuliko mzaliwa wake wa kwanza, ambaye ana miaka thelathini na sita. Tulizungumza hadi jua likapanda juu ya vichwa vyetu. Hatimaye ameteremka hadi mambo mawili: ufunguo wa chumba cha kuzalia ukae kiunoni mwake, na siku ya kwanza muuguzi ndiye amwamkie yeye, asingoje kuamkiwa.

Nimekubali. Chungu kikaja. Mrija wangu ulikuwa na uzi mwekundu. Safari hii nilisali Baba Yetu pamoja na Salamu Maria, ili nisionekane na haraka.

"Vipi, Katekista, imekolea?"

"Ina uzito wa kadiri, mama."

"Uzito," amerudia, akiniangalia kama anavyoangalia tumbo ambalo miezi yake haieleweki.

Jumapili, 28 Machi

Leo, baada ya Misa, nimemwendea Ntirampeba. Nakiri kwamba nilipita nyumba yake mara mbili kabla ya kuingia. Kwa miaka ishirini na tisa, nikiwa katekista, nilimtaja katika mafundisho kwa jina la Giza. Nilisema, "Msiende kwa Giza." Watu walikuwa wakitoka kanisani na kwenda kwake moja kwa moja, na walipokuwa wakirudi kwangu walikuwa wamepona miguu.

Nilimkuta anafunga mkono wa mtoto kwa vijiti na majani. Hakuinua macho.

"Karibu, Nuru," alisema. "Keti. Giza lina kazi kidogo."

Nikaketi. Mtoto alikuwa analia. Ntirampeba akaanza kumsimulia habari ya fisi aliyevaa viatu, ndefu na isiyo na maana yoyote. Mtoto akasahau kulia ili asikie mwisho wake. Mifupa ilipokaa sawa, hadithi ikaisha ghafla. Nimefundisha watoto kwa miaka ishirini na tisa wala hawakuwahi kunikazia macho vile.

Alipomaliza, amenipa masharti yake. Mifupa iletwe kwake kwanza, sindano zibaki zahanati. Barazani pa zahanati liwekwe benchi lake. Na la tatu: "Yule atakayekuja asiniite Giza. Hilo jina ulinipa wewe, likae nawe."

"Sitalitumia tena," nimesema. Nimelisema kwa moyo. Mbele za Mungu, katika ziara zangu zote hakuna neno nililolisema kwa moyo zaidi ya hilo.

Chungu kikaja, kutoka kwa Epifania. Uzi mwekundu. Nikafunga macho. Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe.

Nilipofumbua, Ntirampeba alikuwa ameacha kunywa, anatazama ndani ya chungu. 

Jumatano, 31 Machi

Venanti amehesabu upya: kumi na saba kamili. Ameniambia mimi ni mwanasiasa. Nimemwomba asirudie.

Jumamosi, 3 Aprili

Mvua siku tatu bila kupumzika. Kasheshe imepanda hadi kwenye mizizi ya mtini. Winifrida anatembea akiwa ameshika kiuno. Amemuuliza kuku muuguzi atakuja lini. Nimemwambia kuku kwamba kura ni Jumanne.

Jumanne, 6 Aprili

Nimeuona unyonge wangu waziwazi, mbele ya watu ishirini na wanne.

Kikao kilianza saa tatu katika ofisi ya chama, ambayo bati lake linavuja mahali pamoja tu, nalo ni juu ya kiti cha Mwenyekiti. Venanti alisoma azimio akiwa na mwavuli. Nikasimama mimi, nikazungumza kwa utaratibu kuhusu mwili na roho, jinsi Muumba alivyoviunganisha na jinsi homa inavyovitenganisha. Naambiwa nilizungumza kwa muda wa kutosha.

"Wanaokubali, wainue mikono!"

Ikainuliwa mikono kumi na mitatu. Akainua Abbasi. Kumi na nne.

Tukangoja. Harerimana alikuwa anatazama kijito kupitia dirishani. Mama Epifania alikuwa amefumbata mikono kifuani. Ntirampeba ameikalia yake.

"Ndugu wajumbe," alisema Venanti, maji yakimdondokea kutoka pembe ya mwavuli, "nasema wainue wanaokubali. Inawezekana wengine hawakusikia."

"Tumesikia," alisema Ntirampeba.

Kumi na nne. Wale wanane wakaanza kupiga makofi. Venanti akawahi kusema kwamba kikao hakijafungwa bali kimeahirishwa hadi Jumatano ijayo, tarehe kumi na nne, siku ya mwisho inayotufaa. Kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni.

Niliwafuata wale watatu hadi chini ya upenu wa ofisi, mvua inanyesha pande zote.

"Ndugu zangu, tulikubaliana!"

"Sisi tulikubaliana," alisema Harerimana. "Wewe hukuwepo."

"Nilikuwepo! Nilishika mrija!"

Mama Epifania akatoa mrija kutoka kwenye kikapu chake. Ulikuwa na uzi mwekundu.

"Huu nimeuosha mara mbili," alisema. "Nyumbani kwangu, na uliporudi kutoka kwa huyu. Mrija ulionywewa una machicha ndani, una harufu. Huu ni mkavu kama fimbo ya askofu. Nikamtuma mtu kwa mke wa Harerimana kuuliza habari ya wa huko. Naye akacheka, akasema alidhani mzee una kidonda mdomoni."

"Mimi nilitazama chungu," alisema Ntirampeba. "Povu la upande wako halikusogea. Nimeunga mifupa miaka arobaini, Nuru. Najua kitu kilichosogea na kisichosogea. Umelishika neno letu mdomoni tu, ili siku ukitaka uliteme. Benchi langu utalitema. Daraja utalitema."

"Na ufunguo wangu," alisema Mama Epifania.

Nikauliza, kwa uchungu, mbona neno la Abbasi limesimama, naye hakunywa nami tone la pombe maisha yake yote.

"Abbasi hanywi tangu azaliwe," alisema Harerimana, na hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake. "Kahawa yake ni chungu chake, na uliimeza. Wewe tumekunywa nawe miaka yote, kwenye ubatizo, kwenye mazishi, siku ya Uhuru. Mtu wa namna hiyo akiacha ghafla siku ya kuahidi, ana lake."

Nilikuwa na la kujibu, tena moja tu. Nikakaa kimya, nisijisifie saumu yangu.

Ijumaa, 9 Aprili

Sikutoka. Winifrida alimwambia kuku kwamba usingizi hauji, mtoto anapiga teke. 

Jumapili ya Matawi, 11 Aprili

Padre amefika kwa pikipiki, amejaa tope hadi nyusi. Ni kijana wa hapahapa. Nilimfundisha mwenyewe ishara ya msalaba, huku nikimfuta kamasi. Leo nimepiga magoti mbele yake kuungama, na nimemweleza habari yote ya mrija.

Alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani anatafakari. Baadaye niligundua kwamba alikuwa anajizuia kucheka.

"Mzee wangu," alisema hatimaye, "kwa nini hukuwaambia tu kwamba umefunga?"

"Ningejionyesha, Padre."

"Ukaificha saumu, ukawaonyesha unywaji. Mwalimu wangu, huko si kujificha. Ni kuigiza."

Hilo lilinichoma, kwa kuwa ni mimi niliyemfundisha neno kuigiza, mwaka alipokuwa mchungaji katika tamasha la Noeli akasahau maneno yake.

Nilimwomba anifungulie nadhiri. Akasema kwamba kura si sababu ya kufungulia nadhiri. Nikasema kwamba si kura, ni ahadi tatu ambazo nimezishika nusu. Akanyamaza tena, safari hii kweli alitafakari.

"Waambie ukweli kwanza," alisema. "Ukisema ukweli na neno likawa bado halijafungwa, nakufungulia. Malipizi yako ni mawe hamsini ya msingi, kwa kichwa chako mwenyewe, si kwa kichwa cha mjukuu."

"Na kama azimio halitapita?"

"Utayabeba hadi nyuma ya kilima, uwape wale wenzetu."

Jumatano Kuu, 14 Aprili

Azimio limepita. Kura kumi na nane. Meza inatikisika, sijui kwa nini. Nitaandika kesho.

Alhamisi Kuu, 15 Aprili

Kichwa changu kimekuwa ngoma ya watu wengine. Hata hivyo ukweli uandikwe.

Jana kikao kilipofunguliwa niliomba kusimama. Nilisema kwamba tangu Jumatano ya Majivu sijameza pombe, ni nadhiri. Kwamba niliificha nisisifiwe. Kwamba kwa kuificha niliwadanganya ndugu zangu watatu ndani ya nyumba zao. Na kwamba naomba radhi. Nilitumia dakika mbili. Venanti alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo hotuba yangu bora, na kwamba angejua angeniomba nitende dhambi mapema.

Wale watatu walinong'onezana. Kisha Ntirampeba akasimama.

"Uongo tumekusamehe," alisema. "Saumu yako tunaiheshimu. Lakini neno lenyewe, Katekista, bado ni kavu."

Nikaona kwamba hakuniita Nuru.

"Leteni chungu," nikasema.

"Vitatu," alisema Mama Epifania. "Ahadi ni tatu."

Alikuwa amevipanga mlangoni tayari, na mrija wenye uzi mwekundu umelazwa juu ya cha kwanza. Mama huyu anajua lini jambo limeiva.

Kikawekwa chungu cha daraja. Harerimana akaketi mkabala nami. Wajumbe wote wakasimama, hata wale wanane, wakainama kutazama. Nikavuta. Epifania akachungulia, akatangaza kama mtu anayesoma kipimo cha daktari: "Kimeshuka." Harerimana akanipa mkono.

Chungu cha ufunguo kilikuwa kikali zaidi; naamini alikusudia hivyo. "Kimeshuka." Kumbuka, ewe daftari, kwamba nilikuwa sijala tangu uji wa Jumanne, maana ni Juma Kuu, na koo langu lilikuwa limepumzika siku arobaini na mbili.

Chungu cha benchi tulikunywa mimi na Ntirampeba, vichwa vyetu vikigusana. Sikumbuki kilishuka kiasi gani. Naambiwa nilimshika mkono nikaomba anisimulie mwisho wa ile habari ya fisi mwenye viatu, na kwamba aliposema haina mwisho nililia. Naambiwa pia niliimba Kyrie kwa sauti ya pili, ingawa ya kwanza haikuwa na mtu.

Venanti hakupoteza nafasi. "Wanaokubali!" Ikainuka mikono kumi na saba, kisha wa kumi na nane, kutoka kwa mmoja wa wale wanane. Leo asubuhi mtu huyo amekuja kulalamika kwamba aliinua mkono kuomba mrija, akahesabiwa. Nimelipima jambo hilo kwa uzito wake. Kumi na saba zilitosha. Nimemwambia aende kwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti, nasikia, ameyatazama magoti yake.

Karani ameondoka na azimio kwenda Kibondo kwa baiskeli, ndani ya mfuko uleule wa nailoni.

Pasaka, 18 Aprili

Amefufuka. Nimebeba mawe manne. Baada ya Misa nilipewa mrija kwa halali, nilikunywa maji.

Jumatano, 21 Aprili

Mawe kumi na moja. Magogo mawili ya Harerimana yamewekwa juu ya Kasheshe. Jioni kijito kimeyachukua yote mawili. Mwanangu Nestori ameandika kutoka Kasulu kuuliza hali. Mke wake amemwambia kuku kwamba barua haishiki kiuno.

Jumamosi, 24 Aprili

Uchungu umemwanza Winifrida alfajiri. Mama Epifania alikuja na kikapu chake. Saa mbili alitoka nje, akasimama karibu nami bila kunitazama, akasema, "Amekaa kama yule wa mwaka jana." Kisha akaingia.

Nilikwenda ukutani kulikotundikwa ingobyi. Nilikuwa nimeishika fito yake nilipomsikia Venanti anakuja mbio, hana pumzi, na kwa mara nyingine ananitazama usoni.

"Land Rover ya wilaya! Imekwama ng'ambo ya Kasheshe! Muuguzi yumo!"

Niliitupia ingobyi begani nikakimbia, mimi ambaye sijakimbia tangu seminari. Tulipofika, maji yalikuwa yanapita kwa nguvu palepale tuliposimama mwaka jana. Ng'ambo alisimama mwanamke kijana, mwembamba, amevaa koti la mvua, sanduku kichwani. Harerimana na watu wa upande wake walikuwa wamekwisha kufunga kamba kwenye mtini. Ntirampeba akaivua ingobyi begani mwangu, akaitazama, akamtazama yule binti, akaingia majini akiwa ameinyanyua juu. Watatu walimfuata, mmoja wao alikuwa yule wa kura ya kumi na nane, anatukana kijito, Mwenyekiti na serikali, lakini hakuiachia fito.

Walimlaza juu yake pamoja na sanduku lake. Maji yaliwafika vifuani. Nimeifuata ingobyi ile mara nyingi katika maisha yangu, na kila mara ilikuwa inatoka kijijini na mtu. Leo niliiona inakuja.

"Jina lako nani, binti?" Ntirampeba alimuuliza kutoka chini, maji yakimrukia mdomoni.

"Kudra."

"Kudra, usitikisike. Nitakusimulia habari ya fisi."

Walimbeba hadi mlangoni kwangu bila kumshusha. Mama Epifania alikuwa amesimama kizingitini, mikono kifuani, ufunguo wa nyumba ambayo haijajengwa umening'inia kiunoni. Fundi alikuwa amemchongea wa mti.  Yule binti, akiwa bado juu ya mabega ya wanaume, amelowa kama kuku wa masika, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mama Epifania akavuta pumzi.

"Marahaba, mwanangu. Shuka upesi, tuna kazi."

Wakaingia wawili. Sisi tulikaa nje, Ntirampeba na mimi, kwenye benchi. Ni lake, nililitengeneza Jumatatu. Nilianza rozari. Aliniuliza kama inaruhusiwa mtu wa mizizi kukaa karibu. Nikamwambia ashike ncha ya pili.

Tulikuwa kwenye fumbo la nne sauti iliposikika. Ilikuwa ndogo, yenye hasira, haikukoma.

Baada ya muda mlango ukafunguka kidogo, na sauti ya Winifrida, dhaifu, ikatoka gizani.

"Kuku, mwambie baba kwamba ni msichana, na amelia."

Nikatazama uani. Kuku alikuwa amekwenda zake mbali, anachakura kwenye maharage. Hapakuwa na wa kumtuma.

"Nimesikia, binti yangu," nikasema.